Matone ya Mchana

Inafaa kwanza nieleze hali ya macho katika mji ule, kwa sababu asiyeijua hataelewa kwa nini watu wenye akili timamu walichelewa kiasi kile. Matrah ya katikati ya miaka ya sitini ilikuwa mji wa jua na vumbi, uliobanwa baina ya bandari na milima ya mawe isiyoota jani. Mwanga ulishuka juu ya kuta nyeupe ukarudi usoni mwa mpita njia kama uliotupwa. Jicho jekundu halikuwa habari. Watoto waliamka kope zimeshikana, wakaoshwa kwa maji ya chai, wakatoka kucheza. Wanawake wazima walikaa vizingitini asubuhi, mmoja amelaza kichwa mapajani mwa mwenziwe, wakinyofoana kwa kibano zile kope ambazo maradhi ya vikope yalikuwa yamezipindua, zikawa zinachoma jicho kwa ndani. Maradhi yote hayo, ya kope na ya mboni, ya vumbi na ya uzee, yalikuwa na jina moja la Kiarabu, ramad, na maradhi yakishakuwa na jina moja, dawa nayo huwa moja.

Sisi tulifika kutoka Unguja mwaka wa Mapinduzi. Tulikuwa watu watatu: baba, mama na mimi, binti yao wa pekee, niliyekuwa nimevuka miaka ishirini bila ya kuolewa, jambo ambalo mama alilisikitikia na baba alilitumia, kwa kuwa nilikuwa msomaji wake. Kule Unguja baba alikuwa akisomesha fiqhi na nahau, na watu walimjia na masuala yao kutoka mashamba ya mbali. Huku alikuwa mgeni katika nchi ya babu zake. Wenyeji walikuwa wakarimu wa tende na kahawa, lakini wagumu wa kutuamini. Walisema, na hawakusubiri tuwe mbali, kwamba dini ya watu wa Zinjibar ni dini ya tui la nazi, laini, inapita kooni bila ya kutafunwa. Ndiyo maana lilikuwa jambo kubwa, katika mwaka wa tatu wa kukaa kwetu, wazee wa mtaa walipomwambia baba kuwa Ramadhani itakayokuja ataongoza darsa ya baada ya alasiri katika sabla, baraza yao ya wanaume, iliyokuwa ukuta kwa ukuta na nyumba yetu. Baada ya Ramadhani, walisema, wataona.

Jicho la kulia lilianza kabla ya hapo, joto lilipokuwa likielekea kuvunjika. Liliwiva, likatoka machozi, na baba akawa hawezi kuutazama mlango ulio wazi. Miwani ya giza haikutazamwa vyema katika mji ule siku zile, basi alijifunika kwa ncha ya kilemba. Lakini jicho lile halikutoa tongo. Asubuhi kope zake zilikuwa kavu na safi. Nilikiona kitu hicho, na mama alikiona, wala hapana aliyekipa maana. Tulikuwa tumeshalipa jicho jina lake, na jina lilitutosha.

Jirani yetu wa mkabala, mwanamke wa makamo aliyetupenda kwa namna yake ya ukali, alikuja kulitazama.

"Mchomeni," alisema, kwa Kiarabu cha pale ambacho mama alikuwa bado akikifuata kwa mashaka. "Msumari wa moto, hapa penye panja. Mume wangu alichomwa, akapona."

"Mumeo si ndiye anayeshikwa mkono kwenda msikitini?" mama aliuliza.

"Aa, hilo ni jicho la pili," alijibu jirani bila ya kukasirika. Kisha akatutazama sote watatu. "Nyinyi watu wa Zinjibar mmeukimbia moto mkubwa, sasa mnaogopa wa msumari."

Baba alicheka. Mama hakucheka. Baba hakuchomwa. Alitiwa marhamu ya manjano iliyouzwa sokoni kwa ajili ya vikope, asubuhi na jioni, na akangoja. Alikuwa na hoja ya kungoja: miaka mingi nyuma, Unguja, jicho hilo hilo liliwahi kuwiva vivyo hivyo na likapoa lenyewe. Mtu aliyekwisha kupona mara moja bila ya dawa ni vigumu kumshawishi kwamba mara ya pili si kama ya kwanza. Alingoja mpaka herufi za pembezoni mwa ukurasa zikaingiwa na ukungu.

Zahanati tuliyompeleka ilikuwa nje ya lango la mji, na daktari wake alikuwa mwanamke wa Kihindi aliyezaliwa Mombasa. Alipotusikia tukisemezana, uso wake ulibadilika.

"Kumbe watu wa kwetu," alisema. "Kaa, mzee. Marhamu hii nani amekupa?"

"Soko," alisema baba.

"Soko daktari mkubwa."

Alifunga dirisha, chumba kikawa kiza. Kwanza aliukunja ukope wa juu kwa kijiti cha kiberiti, akautazama upande wake wa ndani, na akasema kuwa vikope havimo. Akanionyesha kwamba wekundu haukutanda jicho zima bali umekizunguka kile cheusi kama pete. Kisha alifanya jambo ambalo sijalisahau kwa usahihi wake. Alilifunika jicho la kulia, lile linaloumwa, kwa kiganja, na akalimulika kwa tochi la kushoto lililo zima. Baba aliruka kwenye kiti.

"Inauma wapi, mzee?"

Baba aligusa kiganja cha daktari, juu ya jicho lililofunikwa.

"Nimemulika zima, limeuma bovu," alisema daktari, akinigeukia mimi. "Mboni mbili zinabana pamoja. Ukiamrisha moja, na nyingine inatii. Sasa hii ya kulia, nyama yake ya ndani imevimba, ikijibana, inalia. Ugonjwa wa kope hauwezi kufanya hivyo. Huu uko ndani."

Alichukua kioo cha kukuzia, akaupitisha mwale wa tochi ubavuni mwa jicho. Maji yaliyomo katika chumba cha mbele cha jicho, alisema, yanapaswa kuwa maangavu, mwale upite usionekane njia yake. Kisha aliniachia kioo. Mwale ulionekana, kama mwale wa jua unaoingia chumbani kunapofagiwa. Chembe zilizokuwa zikielea ndani yake zilikuwa uvimbe wenyewe.

Alitia tone la dawa iitwayo atropini, ambayo kazi yake ni kuifungua mboni, na tukangoja. Mboni ilipofunguka haikufunguka duara. Ilivutika upande mmoja, na pengine pote ilibaki imeshikwa, mfano wa jani lililoliwa na kiwavi. Daktari alieleza kwa utulivu. Jicho lina pazia la rangi lenye tundu katikati, na nyuma yake kioo. Pazia likivimba hutoa ute unaonata, na likiachwa limejibana juu ya kioo, hugandana nacho. Likigandana kotekote, maji ya nyuma hayana pa kupita, na jicho hujaa na kufa. Basi dawa ni mbili: atropini, ya kulivuta pazia libaki wazi mbali na kioo, na kotisoni, ya kuuzima moto wenyewe, tone kwa tone, kila saa ya mchana.

"Mgongo nao unauma asubuhi, mzee? Mgumu, mpaka utembeetembee?"

Baba alistaajabu. Mgongo wake ulikuwa mgumu tangu ujana, na yeye akihisabu kuwa ni malipo ya kuandika akiwa ameketi chini.

"Mgongo na jicho, ndugu wa nyumba moja," alisema daktari. "Kwa nini, sijui. Wala wakubwa wangu hawajui. Lakini ndugu hawa hurudi. Na jicho la pili nalo, siku moja, linaweza kushikwa. Siku hiyo usingoje. Siku ile ile uje."

Jicho la kulia alilichoma sindano ya kotisoni chini ya ngozi ya weupe, na mimi nikafundishwa kutia matone: kichwa nyuma, ukope wa chini uvutwe, tone lisiguse kope. Maumivu yaliondoka. Uoni haukurudi wote. Aliona mkono akautambua, aliona mtu akamjua, lakini ukurasa kwa jicho lile ulikuwa kama karatasi iliyopakwa samli. Baba aliyasema hayo bila ya huzuni kubwa. Mwenyezi Mungu, alisema, amempa mawili ili moja liwe akiba.

Shaabani ilipokuwa imepita nusu, la kushoto likawiva.

Hatukungoja. Siku ile ile tulikuwa mbele ya daktari, naye alipotia atropini mboni ya kushoto ilifunguka mviringo kamili, nyeusi na safi. Nilimwona akishusha pumzi.

"Hili tumeliwahi," alisema. Akampa miwani mizito ya kukuzia, kwa kuwa atropini humfanya mtu asione cha karibu, ili asiwe na kisingizio cha kuiacha kwa ajili ya vitabu. Dawa ya sindano, alisema, ilikwisha na inangojewa kwa meli ya Bombay. Kwa hiyo matone ndiyo yote tuliyo nayo. Halafu akasita. "Mwezi wenu unaingia. Mzee, mimi si Mwislamu, sikufundishi dini yako. Lakini matone haya hayangoji magharibi."

"Inshallah," alisema baba.

Njiani mama alinishika mkono. "Umeisikia ile inshallah?" alisema. "Ile ni hapana yenye kilemba."

Ramadhani za miaka ile ziliangukia majira ya baridi. Siku zilikuwa fupi na za upole, na nadhani wepesi huo ulitudhuru, kwa sababu ulimfanya baba aone kuwa anachokiacha mchana ni kidogo. Siku ya mwanzo, baada ya jua kupanda, nilimwendea na kichupa. Alikizuia kwa mkono wake, taratibu, kama anavyozuia mtu kikombe asichokitaka.

"Baba, jicho si njia ya tumbo," nilimwambia. "Wewe ndiye uliyenisomesha hivyo. Wanja haufunguzi."

"Nilikusomesha kwamba wanazuoni wamekhitilafiana. Usinirejeshee nusu ya somo."

"Na wewe uliegemea upande wa wenye kuruhusu."

"Niliegemea nikiwa sijaonja." Aligusa koo lake. "Hii ya atropini ni chungu. Unaitia juu, mimi nnaipata hapa. Kitabu hakikuonja, mwanangu. Mimi nimeonja."

"Basi ule," alisema mama kutoka jikoni. "Mgonjwa ana ruhusa, imo ndani ya Kurani, hata mimi nisiyesoma vitabu vyenu nnaijua. Kula, utie dawa, utalipa siku zako."

Baba alimjibu kwa utaratibu aliokuwa akiwajibia wanafunzi, na humo ndimo lilimokuwa kosa lake, katika utaratibu wenyewe. Mgonjwa aliyeruhusiwa, alisema, ni yule ambaye kufunga kunamzidishia maradhi. Yeye kufunga hakumzidishii kitu. Kinachomzidishia ni kuacha matone, na matone si chakula. Kwa hiyo hakuona kuwa ruhusa ile inamfika. Ilikuwa hoja iliyonyooka kila kiungo, na ilimpeleka mahali ambapo mama, asiye na hoja hata moja, asingekwenda.

"Basi tia humu ndani, mlango umefungwa," alisema mama. "Hao wa sabla watakuona wapi?"

"Na mimi je, mke wangu? Mimi sintojiona?"

Sidai kwamba aliwaogopa watu wa sabla peke yao. Lakini nilimjua, na nilijua kuwa neno lile la tui la nazi lilikuwa limemwingia. Alitaka kukaa mbele yao kila alasiri akiwa na funga isiyo na tundu hata moja, hata lile ambalo yeye mwenyewe angelifungulia mtu mwengine. Katika wiki hiyo hiyo binti wa jirani, mja mzito, alileta suala lake kupitia kwangu. Baba hakufikiri hata dakika moja. "Mwambie ale," alisema. "Mwili wake amana."

"Na wa kwako?" mama aliuliza. "Wa kwako umeuokota njiani?"

Baba alikuwa na mpango wake, na aliuona kuwa wa haki. Matone ya mchana yaliyompita aliyahisabu kama sala zilizompita: ni deni, nalo hulipwa. Magharibi ikiingia, baada ya tende na maji, aliketi, akainua uso, na akataka nimtilie yote, moja juu ya jengine, tone la saa ya asubuhi, tone la saa iliyofuata, mpaka yatimie. Yalimiminika mashavuni mwake yakaingia ndevuni. Alikuwa akinyamaza kwa adabu kama aliye katika ibada, na alipoinuka alionekana mtu aliyetua mzigo.

Nilikwenda peke yangu kwa daktari kumweleza. Alinisikiliza hadi mwisho, akaweka kalamu.

"Jicho halijui kulipa kadha, dada. Halishiki zaidi ya tone moja. La pili linaliosha la kwanza, la tatu linaliosha la pili. Anajiosha uso kwa dawa. Na mchana kutwa moto unawaka, hapana wa kuuzima. Mlete."

Nilimfikishia baba maneno hayo kama yalivyo, bila ya kupunguza.

"Amesema kweli katika fani yake," alisema. "Atanisamehe mpaka Idi."

"Daktari atakusamehe," alisema mama. "Jicho ndilo sijui."

Darsa ilikuwa ikisikika kwetu kupitia ukutani. Kitabu alichokisomesha nilikuwa nimemsomea mara nyingi, na nilijua kilivyopangwa: matini, ambayo baba aliihifadhi tangu utotoni, na pambizoni maelezo marefu ya wino mwekundu, ambayo hakupata kuyahifadhi, kwa kuwa aliyaona yana udhaifu na alipenda kuyasoma ili ayajibu. Siku za mwanzo alisoma matini, akasoma pambizo, akajibu, na wazee wakauliza, na sauti ya mmoja wao, mzee mwenye kikohozi aliyekuwa mgumu kuliko wote, ikaanza kulainika. "Ahsanta," nilimsikia akimsifu alasiri moja. "Ahsanta, ya shekhe." Mama alinitazama; hakuna aliyepata kumwita hivyo katika mji ule.

Lilipoingia kumi la mwisho, pambizo lilitoweka. Baba alikuwa akipita juu yake kutoka matini hadi matini, bila ya kusita. Karatasi nilizisikia zikigeuzwa kwa wakati wake. Wazee hawakutambua, kwa kuwa hawakuwa na kitabu mkononi. Mimi nilikuwa nikiosha mchele, na nilielewa kuwa yule mtu wa upande wa pili wa ukuta hasomi tena.

Aliporudi nilimwuliza anaona nini.

"Nnaona taa ina pete," alisema. "Pete ya rangi. Si mbaya."

Alasiri ya Idi, wageni wakiwa wamekwisha kuondoka, alishika kichwa akatapika. Maumivu, alisema, yako nyuma ya jicho la kushoto, na yanashuka mpaka menoni. Tulimkalisha juu ya punda wa jirani, mama upande mmoja na mimi upande mwengine, na jirani mwenyewe mbele ameshika kamba, akiwafukuza watoto waliovaa nguo mpya. Wala hakutaja msumari.

Daktari hakuhitaji kioo cha kukuzia. Alimwambia baba afumbe macho, akalibonyeza jicho la kushoto kwa vidole viwili juu ya ukope, kisha la kulia, kisha akarudi kwenye la kushoto. Akanishika mkono akaniwekea vidole vyangu pale pale. Lilikuwa gumu kama gololi. Pazia, alisema, limegandana na kioo mzunguko mzima. Maji yamejaa nyuma yake. Alitia atropini akangoja, akatia tena. Mboni haikusogea. Ilikuwa ndogo na ya kijivu, kama tundu lililozibwa kwa nta.

"Nitatoboa pazia pembeni, maji yapite," alisema. "Maumivu yataondoka. Zaidi ya hapo, mzee, siahidi."

"Ni sawa," alisema baba. Kisha akauliza swali ambalo nadhani alikuwa akilitafuta kwa uaminifu, si kwa majuto: "Kama ningelitia mchana, lingepona?"

Daktari alikuwa akipanga vifaa vyake. Hakugeuka.

"Lilikuwa mviringo, mzee," alisema. "Mviringo kamili."

Alilipasua siku iliyofuata. Maumivu yaliondoka kama alivyosema, na uoni haukurudi. La kushoto lilibaki likitambua dirisha kwa muda, kisha halikulitambua. La kulia liliumwa tena mwaka uliofuata, likatibiwa kwa matone ya kila saa bila ya kukosa hata moja, na likabaki vile vile, la kuona mikono na si herufi. Mwaka wa sabini, hospitali mpya zilipoanza kuzungumzwa na madaktari wageni wakaletwa, mmoja wao alimtazama macho yote mawili na kusema kuwa hapana cha kufanywa.

Wazee wa sabla walimpa darsa ya kudumu wiki moja baada ya Idi. Aliisomesha akiwa kipofu, kwa yale aliyoyahifadhi, na yale ya pambizoni hakuyasomesha tena.